Rivyu ya Gambia: ufukweni nyota tatu, mtoni nyota tano

Nianze na maksi kabisa ili asiye na muda aondoke na chake mapema. Gambia ya pakeji za ufukweni naipa nyota tatu kati ya tano. Gambia ya mto, ile ambayo watalii wengi hawaifikii kwa sababu walishalipia kulala kwenye kiti cha kuotea jua wiki nzima, hiyo nyota tano zote. Shida ya hii nchi sio udogo wake, shida ni inavyouzwa, ukifungua matangazo unaona mchanga, mzungu na glasi yenye kimwavuli basi, mto hata hautajwi, au unatajwa huko mwishoni kwamba kuna safari ya hiari ya nusu siku. Ni mbuzi kwenye gunia, tofauti tu ni kwamba mbuzi mwenyewe mzuri na muuzaji ndo hajui.

Kwa wasioijua, Gambia ndo nchi ndogo kuliko zote Afrika ukiondoa za visiwani. Kilomita za mraba kama 11,300, watu takribani milioni 2.4, imezungukwa na Senegal pande zote isipokuwa pale inapogusa Atlantiki. Ni ukanda mwembamba unaoufuata mto kutoka baharini kwenda mashariki, urefu unazidi kilomita 300 lakini upana hakuna mahali unazidi 50. Mto wenyewe unaanzia mbali, milima ya Fouta Djallon kule Guinea, unatembea kilomita kama 1,100 mpaka baharini. Kuna hadithi wanayoipenda kusimulia kwamba manowari ya Waingereza ilipanda mto ikipiga mizinga kulia na kushoto, tufe lilipoangukia ndo mpaka ukawekwa hapo. Hadithi tamu sana ila haina ukweli, walikaa mezani tu Paris mwaka 1889, Mwingereza na Mfaransa, wakakata keki ya watu. Matokeo yake ndo haya, kabila moja, ukoo mmoja, shangazi yuko Gambia anaongea Kiingereza na serikali yake, mjomba yuko Senegal anaongea Kifaransa, wakikutana wanarudi kwenye Kimandinka au Kiwolofu chao maisha yanaendelea.

Kuingia. Kwa Mwafrika hapa Gambia inapata maksi za juu, kwenye orodha za Benki ya Maendeleo ya Afrika za nchi zilizo wazi kwa Waafrika wenzao iko kileleni kabisa pamoja na Benin, Rwanda na Seychelles. Hata hivyo uliza ubalozi kabla ya kukata tiketi maana afisa wa uhamiaji akiamka vibaya orodha ya benki haimsaidii mtu. Beba kadi ya njano ya homa ya manjano. Na kuna ada ya usalama pale uwanjani, dola 20 kuingia na dola 20 kutoka, kama haijaunganishwa kwenye tiketi yako unalipa keshi, kwahiyo usitue na kadi ya benki peke yake ukaanza kuzunguka zunguka. Uwanja uko Yundum, nje ya mji, na njia yake ya kurukia NASA waliwahi kuiteua kuwa moja ya sehemu za dharura za kutua Space Shuttle, yaani chombo cha anga kikipata matatizo kimeondoka Florida kingeweza kuishia kwa Wagambia. Hakikuwahi kuja. Njia imebaki.

Kutoka kwetu mashariki ndege ya moja kwa moja hamna, unapitia Casablanca au Istanbul, au unashuka Dakar unamalizia kwa barabara, ile ya Kaolack mpaka mpakani Karang halafu Barra halafu unavuka feri uko Banjul. Mi nawashauri hiyo ya barabara angalau upande mmoja, unaiona nchi ikianza kidogo kidogo badala ya kudondoshwa katikati ya hoteli.

Hela yao ni dalasi, ipo tangu 1971 ilipochukua nafasi ya pauni ya Gambia. Dola moja ni kama dalasi 70 hivi na noti kubwa kuliko zote ni ya 200, piga hesabu mwenyewe, noti kubwa ya nchi haifiki dola 3! Ukibadilisha dola mia mbili unatoka dukani mfuko umevimba kama umeiba mahali. ATM zipo ukanda wa pwani lakini zinatoa kiasi kidogo kwa mkupuo na kila mkupuo una makato, ukienda ndani ya nchi usizitegemee kabisa, beba keshi. Hela za simu zinakubalika sehemu nyingi siku hizi hasa Wave iliyotokea Senegal, utaona mpaka muuza samaki ana ile karatasi ya kuskani.

Sasa ufukwe. Watalii walianza kuja 1965, mwaka uleule wa uhuru, kundi dogo tu la Waswidi, na mpaka leo biashara yenyewe haijabadilika sana, Waingereza, Waholanzi na watu wa Skandinavia wanakimbia baridi yao kuanzia Novemba mpaka Aprili, saa sita hivi za ndege na jua la uhakika. Kitovu ni Kololi, mtaa unaitwa Senegambia, na majirani zake Kotu, Bakau, Fajara. Mchanga mzuri, bahari ya kawaida, mawimbi yana nguvu kiasi. Migahawa mingi inapika chakula cha mzungu kwa bei ya mzungu. Ni pazuri, sikatai, ila ukishakaa pale unagundua hii sehemu ingeweza kuwa popote duniani, na ndo tatizo langu na ile nyota tatu. Halafu kuna vijana wa ufukweni, bumsters wanawaita, huwezi kutembea hatua mia bila mmoja kukupa mkono, bosi unatoka wapi, bosi karibu, bosi nikuoneshe hiki. Kwa mgeni mweusi wanapunguza kidogo, wakisikia lafudhi ndo wanaongeza. Sio watu wabaya wengi wao, ni vijana wasio na kazi kwenye nchi ambayo ajira ni msimu wa miezi sita, ukikataa kwa ucheshi na salamu ndefu wanakuacha, ukikataa kwa kiburi utasindikizwa mpaka hotelini na maneno. Waongozaji rasmi wana beji, chukua hao. Na ndio, utaona bibi wa Ulaya wa miaka 65 kashikana mkono na kijana wa 25, na wazee wa kiume vilevile, hamna anayegeuka kuangalia.

Gesti niliyofikia sitaitaja jina. Kwenye picha ilikuwa na bwawa, kwenye uhalisia bwawa lilikuwepo ila maji ya kijani na chura mmoja mwenye furaha kuliko wateja wote. Umeme ukikatika jenereta linawashwa baada ya mwenye nalo kushawishika, na kushawishika kwake ni mpaka wageni watatu wakusanyike mapokezi. Chumba kisafi lakini, chandarua kizima, na dada wa jikoni alikuwa anajua anachofanya. Malaria ipo Gambia hasa mwisho wa mvua kwahiyo mlango wenye wavu na chandarua kisichotoboka kwangu vina uzito kuliko bwawa.

Kuzunguka mjini ni raha ukishaelewa mfumo. Teksi za njano zenye mstari wa kijani ni za wenyeji, teksi za kijani ni za watalii na bei yake ya kitalii. Ya njano unaweza kupanda ya kuchangia, inapita njia yake kama basi, unalipa makumi machache ya dalasi unashuka unapotaka, au ukasema "town trip" maana yake gari lote ni lako na hapo mnapatana KABLA hujafunga mlango. Ukisahau kupatana umekwisha. Kuna pia gelegele, mabasi madogo yaliyochoka, yanajaa, yanaruka mashimo, kondakta kaning'inia mlangoni, watu wanasalimiana humo ndani utadhani wamealikwa harusi moja. Salamu huko ni kitu kikubwa, usiulize njia wala bei kabla hujamaliza salamu, za nyumbani, za watu wako, za kazi, amani tu, amani tu, ndo unauliza ulichotaka. Sisi Waswahili hapo hatuna shida kabisa tuko nyumbani.

Banjul yenyewe mji mkuu inashangaza kwa udogo. Ipo kwenye kisiwa mdomoni mwa mto, Waingereza waliianzisha 1816 wakaiita Bathurst, jina likabadilishwa 1973. Kwasababu kisiwa hakipanuki watu wamehamia bara, Serekunda ndo mji wenye watu kweli, Banjul jioni wafanyakazi wakirudi makwao panabaki kimya. Nusu siku inatosha. Pita soko la Albert, vitambaa, viungo, samaki wa kukausha, vyungu vya alumini vya kupikia ukoo mzima, halafu panda Arch 22, lile lango la mita 35 alilojenga Yahya Jammeh kukumbuka mapinduzi yake ya Julai 22, 1994. Lango baya kwa macho yangu, nguzo nyingi bila sababu, ila kule juu unaona kisiwa kizima na mikoko ya Tanbi upande wa pili ambako kina mama wanavuna chaza kwa mitumbwi.

Sitapita kwa Jammeh bila kusema kitu maana hata dereva wa teksi hapiti. Alikaa madarakani miaka 22. Mwaka 2007 alitangaza kwamba anatibu ukimwi kwa mitishamba, watu wakaacha dawa zao wakaenda ikulu kupakwa majani, baadhi hawakurudi. Mhariri Deyda Hydara wa gazeti la The Point alipigwa risasi Desemba 2004. Halafu Desemba 2016 ukafanyika uchaguzi, na hapa ndo pananifurahisha, Wagambia walipiga kura kwa gololi! Unapewa gololi moja, unaingia nyuma ya pazia, kuna mapipa ya rangi tofauti yenye picha za wagombea, unadumbukiza kwenye tundu la mtu wako, ndani kuna kengele inalia mara moja ili msimamizi ajue umeweka moja tu. Chini wanaweka mchanga au maranda gololi isije ikagonga tena, na baiskeli haziruhusiwi karibu na kituo kwasababu kengele yake inaweza kuchanganya. Kuhesabu wanamwaga kwenye trei zenye matundu, kila trei ina idadi yake. Mfumo ulianza miaka ya 1960 kwa sababu wengi hawakujua kusoma, na kwa hizo gololi wakamwangusha mtu aliyekuwa amesema atatawala miaka bilioni moja. Alikubali kushindwa kwa simu mbele ya kamera, wiki moja baadaye akageuka, mshindi Adama Barrow akaapishwa ubalozi wa Gambia kule Dakar Januari 19, 2017, majeshi ya Afrika Magharibi yakavuka mpaka, siku mbili baadaye Jammeh akapanda ndege kwenda Guinea ya Ikweta. Baadaye ikaja tume ya ukweli, vikao vinarushwa moja kwa moja, wauaji wanakiri kwenye televisheni huku watu wamekaa na chai yao wanasikiliza. Nchi ndogo, aliyeua na aliyefiwa wanaweza kuwa wanapanda gelegele moja. Ukimuuliza mtu kuhusu hayo mambo anakujibu, hakwepi, na hicho mi nakihesabu kwenye rivyu, kuna nchi ukiuliza siasa watu wanaangalia pembeni kwanza.

Chakula sasa, na hapa nitakaa kidogo. Benachin ni wali unaopikwa ndani ya supu ya samaki yenyewe, chungu kimoja, mafuta, nyanya, pilipili, kabichi, muhogo, karoti, bilinganya, nyanya chungu, samaki kachomekwa kitunguu saumu na majani ndani ya nyama yake. Walio Afrika Magharibi wanagombana nani alianzisha wali wa namna hii, wengi wanauita jollof, Wanigeria na Waghana ndo wana kelele, lakini eneo la Wajolof wenyewe ni hili la Senegal na Gambia kwahiyo kesi mi nimeifunga. Domoda ni mchuzi wa karanga mzito wenye nyama au samaki, ndimu kwa mbali, unamwagwa juu ya wali, ukila tonge la tatu unaanza kusinzia. Superkanja ni bamia na mawese na samaki wa moshi, inavutika, wasiopenda mrenda wapite mbali. Yassa kitunguu na ndimu na kuku. Vyote hivi utavipata kwa mama anayepikia mtaani mchana kwa bei ambayo noti yako ya 200 inarudi na chenji, na ni vitamu kuliko vya hotelini, sio kidogo, ni mbali kabisa, hotelini wanapunguza pilipili na mafuta wakidhani wanakusaidia.

Wakikukaribisha nyumbani mnakula sinia moja, mkono wa kulia, kila mtu na upande wake, na mwenye nyumba anamega samaki wa katikati anakusogezea upande wako kidogo kidogo bila kusema kitu. Usinyooshe mkono katikati mwenyewe! Subiri, utaletewa. Asubuhi kuna mkate wa tapalapa, mrefu mgumu kidogo unaoshiba kweli, unajazwa maharage au mayai umefungwa kwenye karatasi. Vinywaji kuna wonjo ambayo ni choya yetu hii hii, na juisi ya ubuyu nzito ya maziwa, hiyo nilikunywa kila ilipopatikana. Asilimia kama 95 ya watu ni Waislamu lakini bia yao JulBrew ipo na inanyweka baridi.

Halafu kuna attaya, chai ya kijani ya Kichina na sukari ya kutisha, inachemshwa kwenye birika dogo juu ya mkaa, inamiminwa kutoka juu kwenda kwenye vikombe vidogo mpaka itoe povu, raundi tatu, ya kwanza chungu kali na ya mwisho tamu nyepesi. Kila kijiwe kina birika lake. Inachukua saa nzima au mbili na hapo ndo utajua kila kitu cha nchi, mpira kwanza, timu yao ya Scorpions ilivyoingia Kombe la Afrika mara ya kwanza kabisa kule Kamerun 2022 ikafika robo fainali, na jinsi walivyolazimika kucheza mechi za "nyumbani" ugenini kwa sababu uwanja wa Bakau haukukidhi vigezo. Baada ya mpira mazungumzo yanahamia kwa nani kaenda "backway", yaani safari ya kupitia jangwani na Libya au kwa mtumbwi kwenda Ulaya. Kila kijiwe kina jina la mtu aliyefika na jina la mtu ambaye simu yake haijawahi kuita tena.

Kwenye samaki nina malalamiko, na sio ya mtalii. Tanji, kijiji cha wavuvi, jioni mitumbwi ikirudi ni sehemu ya kuona, mitumbwi mirefu yenye rangi, wabebaji wanaingia majini mpaka kifuani na beseni kichwani, mabanda ya kukaushia samaki aina ya bonga yanatoa moshi. Sasa kusini zaidi, Gunjur, Sanyang na Kartong, vimejengwa viwanda vya unga wa samaki, samaki wale wale wa bei ya maskini wanasagwa kuwa chakula cha samaki wa kufugwa nje ya Afrika. Harufu inafika mbali, wenye kambi za wageni wanalia, kina mama wa sokoni bonga imewapandia bei, mwaka 2021 cha Sanyang kilichomwa moto wananchi walipokasirika. Ukiambiwa pwani ya kusini ni tulivu na safi, uliza kwanza upepo unavuma kutoka wapi.

Haya, mto. Anza na feri ya Banjul kwenda Barra hata kama huna shida Barra. Malori, mbuzi, mama na matenga, muuza miwani, mhubiri, askari wanarudi likizo, wote sitaha moja, pomboo wakiwa na siku nzuri wanatokea pembeni. Ratiba ichukulie kwamba ni makadirio. Kutoka huko unakwenda Albreda na Juffureh, na mbele yake katikati ya maji kipo kisiwa cha Kunta Kinteh, yule mtumwa wa kitabu cha Roots, zamani James Island, jina lilibadilishwa 2011. Ngome ya kwanza walijenga watu wa Courland mwaka 1651, hiyo ni sehemu ya Latvia ya leo, hebu fikiria, halafu Waingereza wakaichukua 1661 na watu waliouzwa utumwani wakapitishwa pale kwa zaidi ya miaka mia. Kisiwa kidogo mno, mibuyu, kuta zilizobomoka, mto unakila kila mwaka. UNESCO walikiingiza kwenye urithi wa dunia 2003. Ushauri wangu, usiende na boti kubwa ya watalii yenye muziki na chakula cha mchana, kuna kitu hakiko sawa kabisa kwenye kula kuku wa kukaanga huku spika inapiga ukielekea pale. Chukua boti ndogo kutoka Albreda.

Watu wengi wanaishia hapo wanarudi hotelini. Kosa. Endelea mashariki, barabara ya lami ipo kingo zote mbili, kusini na kaskazini. Kaskazini utapita Farafenni ambako kuna daraja la Senegambia, karibu kilomita mbili, lilifunguliwa Januari 2019. Kabla yake malori ya Senegal yanayokwenda Casamance, kusini mwa nchi yao, yalikuwa yanasubiri feri siku kadhaa, vitunguu vinaoza madereva wanapika kando ya barabara, mji mzima uliishi kwa foleni ile na sasa foleni haipo, wauza chakula wa pale furaha yao ni nusu nusu.

Wassu ndo mahali ningerudi kesho. Duara za mawe, nguzo za mawe mekundu ya chuma zilizochongwa, baadhi ndefu kuliko mtu, zimesimamishwa juu ya makaburi na watu ambao hakuna aliyehifadhi majina yao, kazi iliyoanza karne ya tatu kabla ya Kristo ikaendelea mpaka karne ya 16. Ziko zaidi ya elfu moja zimetawanyika Gambia na Senegal, UNESCO wakaziorodhesha 2006. Wageni wanaweka kijiwe kidogo juu ya nguzo wakiwa na ombi. Tulikuwa watu wachache sana pale siku niliyokwenda, mzee mlinzi, ng'ombe na sisi, kiingilio cha hela ya soda. Kitu cha uzito huu kingekuwa Ulaya kungekuwa na uzio, duka la fulana na foleni ya mabasi.

Karibu na hapo ni Janjanbureh, mji mdogo kisiwani katikati ya mto, karibu kilomita 300 kutoka pwani. Umeshuka hadhi, maghala ya karanga yamebaki paa nusu, mitaa mipana haina magari. Kutakuwa na mtu wa kukupeleka kwenye "nyumba ya watumwa". Nenda, msikilize, mpe chochote, ila ujue kwamba Waingereza waliianzisha makazi pale 1823 wakati wao wenyewe walishapiga marufuku biashara ya watumwa 1807, na wengi wa walioletwa pale walikuwa watu waliookolewa kutoka kwenye meli. Hiyo historia ya kweli inatosha kabisa kuvutia, sijui kwa nini haiuzwi. Kuna kituo cha Kankurang pia, lile zimwi la magome mekundu, mtu aliyejifunika kinyago, linalotembea na wavulana wa jando likiwa na mapanga mawili mkononi, na niamini, likipita barabarani kila mtu ana haraka ya kwenda mahali pengine.

Chini kidogo ya hapo ni visiwa vya sokwe. Mradi ulianza 1969 na sokwe waliookolewa mikononi mwa wafanyabiashara, wakahamishiwa visiwani 1979, sasa wako zaidi ya mia na hakuna binadamu anaruhusiwa kukanyaga. Unawaona kutoka kwenye boti tu, kwa mbali, wakiamua. Nyumba za kulala za eneo lile bei yake sio ya mchezo. Lakini asubuhi na mapema boti imezimwa injini, viboko wanakoroma upande mmoja, upande mwingine mti mzima umejaa ndege, na nchi hii ina aina zaidi ya 500 za ndege, hata mimi nisiyejua ndege zaidi ya kunguru na njiwa nilijikuta naazima darubini ya watu.

Kwenda lini: Novemba mpaka Februari hali ya hewa ni nzuri na bei iko juu. Juni mpaka Oktoba ni mvua, baadhi ya hoteli za pwani zinafungwa, bei inashuka, nchi inakuwa kijani na ndani huko njia za vumbi zinageuka tope. Mei ni joto kali la bara lakini maembe yanaanza kumwagika barabarani. Mwezi wa Ramadhani migahawa ya mtaani mchana imefungwa, jioni ndo kunachangamka. Ukiwa na siku chache usigawanye nusu kwa nusu, lala pwani ya kwanza na ya mwisho basi, zilizobaki zote peleka juu mtoni.

Na dalasi zako zimalize au zibadilishe kabla hujafika Yundum, ukishatoka nchini ni ngumu kupata wa kuzichukua. Ila usibadilishe mpaka ukasahau, weka pembeni ile dola 20 ya kutokea.